Friji Iliyosalimia Serikali

Nchi yetu ni nchi ya adabu, na anayebisha itabidi asalimie kwanza. Jina lake silitaji. Sheria inataka jina la nchi litanguliwe na sifa zake, na mimi nikianza sifa, hadithi itakwisha kabla hamjajua nani aliugua. Itoshe kusema ina bendera, ina wimbo, ina mawaziri wa kutosha, na majirani wanaionea wivu kwa sababu ambazo bado hazijatangazwa.

Mimi ni mhadhiri, Dokta Kingazi. Nafundisha katika Chuo Kikuu cha Taifa, kwenye shahada iitwayo Sayansi ya Vifaa Vinavyowasiliana. Kwa asiyeijua, ni hivi: unachukua kompyuta ndogo kuliko kucha, unaipachika ndani ya kitu ambacho hakuna aliyekitarajia kuwa na akili, pampu, taa au mlango, na kitu hicho kinaanza kupima mambo na kutoa taarifa kwa simu. Ni somo zuri. Nililisomea ughaibuni nikarudi nalo nyumbani kwa furaha, na furaha hiyo ilidumu mpaka asubuhi ya siku yangu ya kwanza kazini.

Asubuhi hiyo Mkuu wa Kitivo, Profesa Lukwaro, aliupitia mtaala wangu ukurasa kwa ukurasa, kisha akaniuliza swali moja tu.

"Dokta, hivi vifaa vyako vikitaka kusema, vinaanzaje?"

"Vinaanza kwa kusema vilichopima, Profesa."

Alivua miwani. "Moja kwa moja?"

"Moja kwa moja."

"Bila kusalimia?"

Nilicheka, nikidhani ananitania. Profesa Lukwaro hatanii mtu siku za kazi, na siku za mapumziko haonekani.

Hapa lazima niwaeleze wageni. Kwetu mtu hafungui mdomo kabla ya kuwatambua wakubwa kwa vyeo vyao, kuanzia wa juu kabisa kushuka chini, waliopo na wasiokuwepo. Harusini tunafanya hivyo, msibani tunafanya hivyo, na mwanafunzi wa darasa la pili akitaka kwenda chooni hufanya hivyo pia, kama anaweza kusubiri. Watu wa nje wanasema tunapoteza muda. Mimi nasema waende wakaulize juu ya moto uliounguza soko letu kuu mwaka jana. Moto ule uliripotiwa kwa heshima zote, na hakuna kiongozi hata mmoja aliyelalamika kwamba alirukwa.

Basi mtaala wangu ulipitishwa baada ya marekebisho madogo. Mwaka wa kwanza, Utambulisho wa Vifaa. Mwaka wa pili, Utambulisho wa Vifaa kwa Kina. Mwaka wa tatu, Ngazi za Mamlaka kwa Kihisi Joto. Kompyuta zenyewe ziliwekwa mwaka wa nne, zikipatikana.

* * *

Siwatu alitoka Magadini, wilaya ya chumvi, ambako jua linakupiga kutoka juu na kukupiga tena likirudi kutoka chini. Alikuwa msichana wa maneno machache. Katika nchi kama yetu hilo peke yake lilitosha kumfanya ashukiwe.

Wanafunzi wengine walikuja kwenye shahada hii kwa sababu jina lake lilikuwa refu. Siwatu alikuja kwa ajili ya kaka yake. Mbaruku alikuwa mfungaji wa magunia kwenye mashamba ya chumvi, na alikuwa na kisukari kile cha kuchoma sindano kila siku. Nyumbani kwao hakukuwa na umeme, kwa hiyo chupa zake za insulini, na za wagonjwa wengine wa Magadini, zilikaa kwenye friji ya zahanati, chini ya uangalizi wa nesi mmoja aitwaye Bi Perusi. Sikukuu fulani friji ilizimika zahanati ikiwa imefungwa. Umeme ukarudi, friji ikapoa tena, na Bi Perusi alipofungua akakuta kila kitu kiko baridi. Insulini iliyopikwa na joto mara nyingi haina alama, unaiona nzima tu. Mbaruku akajichoma siku baada ya siku kitu ambacho kilishakuwa kama maji, mpaka akaanguka juu ya magunia na kubebwa hajitambui. Alipona, lakini dada yake hakusahau.

"Mwalimu," aliniambia alipofika mwaka wa nne, "mimi nataka kifaa kimoja tu. Kikae ndani ya friji, kinyamaze. Friji ikiwa baridi kisiseme kitu. Ikipata joto kimwambie Bi Perusi. Basi."

Alikitengeneza ndani ya kopo la mafuta ya kujipaka. Kilikuwa na kihisi joto, betri yake chenyewe, laini ya simu, na ile kompyuta ndogo ambayo tulikuwa tumeipata baada ya kuiombea kibali kana kwamba tunaomba kuoa binti wa mtu. Tukakijaribu kwenye friji ya ofisini kwangu. Nilichomoa umeme, tukakaa kunywa chai. Baada ya muda simu yangu ikalia. Ujumbe ulisema: FRIJI INA JOTO. NJOO.

Sikuwahi kusoma kitu kizuri kuliko hicho katika nchi hii. Nilifurahi hata nikamwaga chai.

* * *

Jopo la watahini lilisoma ujumbe ule likageuza macho kama watu walioonyeshwa mtu uchi.

"Njoo," Profesa Lukwaro alirudia, akilishika neno hilo kwa ncha za midomo. "Kopo linamwambia mtumishi wa umma njoo."

"Ni dharura, Profesa," alisema Siwatu.

"Dharura ndiyo wakati adabu inapopimwa, binti yangu."

Likatolewa agizo kwamba kila ujumbe wa kifaa chochote uanze na utambulisho kamili: Mheshimiwa Rais, Amiri wa Majeshi Yote na Mlezi wa Mito, Mheshimiwa Makamu wake, Mlezi Msaidizi wa Mito, Mheshimiwa Waziri wa Vifaa, Mawasiliano na Heshima, Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, na kuendelea mpaka kwa mjumbe wa mtaa, ikiwa mtaa unaye.

Siwatu akaeleza, kwa upole ambao mimi nisingeuweza, kwamba ujumbe mmoja wa simu unabeba herufi mia moja na sitini. Haubebi zaidi. Wakubwa peke yao walikuwa wanazijaza zote na kumwagika.

"Tupunguze basi," alisema mjumbe mmoja, na tukapata matumaini. "Tupunguze hicho kipimo cha joto."

"Kipimo ni tarakimu mbili tu, mheshimiwa."

"Moja haitoshi?"

Nikaomba neno. Nilipomaliza kutambua waliopo, nikapendekeza vyeo vifupishwe. Wakanitazama kwa huzuni. Nani alikuwa tayari kumfupisha Mheshimiwa Rais? Siwatu akapendekeza joto litangulie na salamu zifuate. Wakamuuliza kama kwao ndivyo wanavyoingia nyumba za watu. Akapendekeza kifaa kitume ujumbe wa pili, wenye joto peke yake, na Profesa Lukwaro akatikisa kichwa taratibu, kwa sababu ujumbe wa pili nao ni ujumbe, na kila ujumbe unaanza na salamu.

Ilikuwa hoja iliyofungwa pande zote. Nimesoma hesabu maisha yangu yote na sijawahi kuona kitu kilichofungwa vizuri namna ile. Niliumwa na kichwa siku nzima.

Siwatu alihitaji kibali cha jopo ili kifaa kipelekwe Magadini, hivyo akaandika salamu. Aliziandika zote, zikachakatwa, zikajaribiwa. Kila mara Baraza la Mawaziri lilipobadilishwa, na kwetu hubadilishwa kama mashuka, alilifungua kopo na kuziandika upya. Mwishowe alizijua kwa moyo. Tukachomoa umeme wa friji yangu tena, tukasubiri, na simu ikaleta ujumbe ambao ulianza na Mheshimiwa Rais na kukatika katikati ya Mkuu wa Mkoa. Jopo likapiga makofi.

"Na joto?" nikauliza.

"Joto lipo," alisema Profesa Lukwaro. "Limetanguliwa tu."

* * *

Wizara ikasikia habari za kopo linalojua vyeo vya watu, na Waziri akasema atakwenda Magadini kulizindua mwenyewe. Kwetu kitu ambacho hakijazinduliwa hakijaanza kuwepo. Nina mpwa aliyetumia daraja kwa miaka mingi bila kujua kwamba halipo.

Maandalizi yakaanza. Friji ikatolewa zahanati na kuwekwa uwanjani, chini ya turubai, kwenye lile jua la Magadini. Ikachomolewa umeme, kwa sababu friji inayofanya kazi haiwezi kuzinduliwa, Mheshimiwa atawasha nini? Ikafungwa utepe mwekundu kuizunguka, na mlinzi akawekwa kuulinda. Dawa ziliachwa ndani, kwa kuwa Mheshimiwa hawezi kufunguliwa friji tupu. Kopo la Siwatu likaachwa ndani nalo, na betri yake.

Bi Perusi alisema jambo hilo lina hatari. Akajibiwa kwamba aondoe wasiwasi. Friji sasa ina kifaa cha kisasa, ikipata joto kitasema.

Halafu Waziri akaahirisha safari. Akaahirisha tena. Alikuwa na uzinduzi mwingine, wa kisima, na kisima kile kilikuwa kikimsubiri kwa muda mrefu zaidi.

Kule kwetu chuoni zilikuwa siku za shangwe. Nakala za jumbe za kifaa zilikuwa zinafika Wizarani, na Wizara ilimpigia simu Profesa Lukwaro kumpongeza. Alisimama ukumbini akatutangazia.

"Kifaa chetu kinasalimia asubuhi," alisema. "Kinasalimia mchana. Mchana hasa kinasalimia kwa bidii. Mheshimiwa Waziri amesema hajawahi kusalimiwa namna hii na mtumishi yeyote, hata wale wanaotafuta kupandishwa."

Watu walicheka na kupiga makofi. Siwatu alikuwa ameketi safu ya nyuma. Nilimwona anainuka na kuja moja kwa moja kwangu, akawakanyaga watu miguu njiani.

"Mwalimu," aliniambia sikioni, "kifaa changu hakisalimii bila sababu."

Tulikuwa tumekitengeneza kinyamaze friji ikiwa baridi. Kila salamu ile iliyopigiwa makofi ilikuwa ni ukelele, na wao walikuwa wanauhesabia kuwa heshima.

Tukatoka nje kumpigia Bi Perusi. Alipokea kwa sauti ya mtu aliyechoka kugombana.

"Nimeishika hiyo friji, mwanangu," alisema. "Ina moto utadhani sufuria. Mlinzi hataki niguse utepe. Nimekwenda kwa Mkuu wa Wilaya, ananiuliza kifaa kimesema ina joto? Namwambia kimeniletea salamu. Anasema basi zipokee."

"Na kaka?" aliuliza Siwatu.

"Ile chupa niliyompa kabla ya utepe imekwisha juzi. Nilitaka kumpeleka hospitali ya mkoa, maofisa wa uzinduzi wamemzuia. Yumo kwenye ratiba. Ndiye mgonjwa wa kwanza, atakabidhiwa dawa na Waziri mbele ya kamera. Wanasema akiondoka atawaharibia."

Nilikwenda kwa Profesa Lukwaro mbio, nikamtambua, nikawatambua walio juu yake, nikamwambia dawa za Magadini zinaungua.

"Taarifa hiyo umeitoa wapi?" aliuliza.

"Kwenye kifaa, Profesa."

Akanisomea ujumbe wa mwisho wa kifaa kutoka simu yake, neno kwa neno, kwa sauti nzuri ya kusomea. Kisha akaniuliza nimuonyeshe neno joto liko wapi. Nilitaka kumrushia kiti. Nimelelewa vizuri, kwa hiyo nilifunga mlango taratibu, nikamchukua Siwatu kwenye gari langu, tukashika njia ya Magadini.

* * *

Tulifika siku yenyewe ya uzinduzi, Waziri akiwa tayari jukwaani. Tukajaribu kumfikia Mbaruku, lakini alikuwa amewekwa safu ya mbele kati ya maofisa wawili, kavalishwa fulana yenye picha ya friji. Midomo ilimkauka. Alikuwa na chupa ya maji mkononi, anakunywa, anakunywa tena, na macho yake yalikuwa yamezama ndani. Alipomwona dada yake alitabasamu kwa shida.

Waziri alianza kutambua waliohudhuria. Alipoanza, kivuli cha turubai kilikuwa upande wa wananchi. Alipokaribia kuwataja wazee wa mila kilikuwa kimehamia kwake. Ndipo simu ya Wizara, iliyounganishwa na vipaza sauti ili umma usikie, ikasoma ujumbe kutoka ndani ya friji, kwa ile sauti ya kike ya mashine. Mheshimiwa Rais, Amiri wa Majeshi Yote na Mlezi wa Mito, Mheshimiwa Makamu wake...

Umati ulishangilia. Waziri alisikiliza, mkono kifuani, akasubiri mashine imalize kwa kukatika.

"Nimezipokea," aliiambia friji. "Nami nakusalimu."

Akarudi kwenye orodha yake. Friji ikasalimia tena. Waziri, ambaye hakuwa mtu wa kushindwa adabu na chombo cha nyumbani, akaijibu tena, mara hii kwa vyeo vyake vyote. Nayo ikarudia. Wakaendelea hivyo, Mheshimiwa na friji, wakati jua likichoma na Mbaruku akimaliza chupa ya maji na kuomba nyingine. Siwatu alikuwa ameshika mkono wangu. Kucha zake ziliniingia nyamani.

Mwishowe utepe ukakatwa. Waziri akafungua mlango wa friji, na hewa iliyotoka mle iliwafanya wapiga picha warudi nyuma. Akaingiza mkono. Jasho lilimtoka mpaka kwenye kwapa za suti. Akatugeukia akasema kwa sauti kubwa, "Baridi safi."

Makofi yalivuma. Waziri akatoa chupa moja, akaishika kwa ncha za vidole kwa sababu ilikuwa inachoma, akamkabidhi Mbaruku. Ofisa mmoja akampa sindano. Mshereheshaji akatangaza kwamba mgonjwa wetu wa kwanza atajichoma sasa hivi mbele yetu, na wakati anajiandaa, mbunifu wa kifaa atatoa neno.

Wakampa Siwatu kipaza sauti.

"Mheshimiwa Rais," alianza, "Amiri wa Majeshi Yote na Mlezi wa Mito."

Mbaruku alikuwa anaivuta dawa ndani ya sindano. Alikuwa na mazoea.

"Mheshimiwa Makamu wa Rais, Mlezi Msaidizi wa Mito. Mheshimiwa Waziri wa Vifaa."

Mbaruku akapandisha fulana. Niliona ngozi ya tumbo lake na madoa ya sindano za miaka yote ile. Siwatu naye aliona. Akakishusha kipaza sauti.

"Kaka, weka chini. Hiyo dawa imeungua."

Hakupaza sauti. Uwanja mzima ulisikia, maana hakuna aliyewahi kusikia sentensi iliyoanza hivyo. Mbaruku hakuuliza. Aliiweka sindano juu ya meza ya Waziri, kando ya maua, akakaa chini mchangani.

Waziri alitazama kushoto na kulia. "Nani amesema?"

"Hakuna, Mheshimiwa," alijibu mshereheshaji. "Mbunifu bado yuko kwenye utambulisho. Ataanza upya."

Lakini Siwatu alikuwa ameshatupa kipaza sauti na kumshika kaka yake kwapani. Nikashika upande wa pili. Nyuma yetu Waziri alibonyeza swichi, friji ikanguruma, na zile chupa zikaanza kupoa ili zionekane nzima. Bi Perusi akapita katikati ya wageni wa heshima akiwa na beseni. Alizitoa zote, akazifungua moja baada ya nyingine na kuzimwaga kwenye chumvi, mlinzi akimwangalia bila kujua kama hilo nalo limekatazwa.

"Mkifika mkoani mje na za wengine," alituambia bila kuinua kichwa. "Sina hata tone la kumpa mtu."

* * *

Kutoka Magadini kwenda hospitali ya mkoa kuna barabara moja. Waziri naye alikuwa anarudi kwa barabara hiyo, na msafara wake ulituwahi kutoka uwanjani. Kwetu hakuna anayeupita msafara. Ungekuwa unakwenda kwa kasi nisingekuwa na neno, lakini kila kijiji kilikuwa kimepangwa kando ya njia kumsalimia, na kila kijiji alisimama akasalimiwa.

Tulitambaa nyuma ya magari yale tukila vumbi lao. Kwenye kiti cha nyuma Mbaruku alianza kutapika. Pumzi yake ilikuwa nzito na ya haraka, na ilinuka kama matunda yaliyolala. Siwatu alikuwa amempakata kichwa.

"Nalala kidogo, mdogo wangu," alisema.

"Usilale, kaka. Niambie habari za chumvi."

"Chumvi ipo," alisema, akafumba macho.

Nikapiga honi kama mwendawazimu. Askari wa nyuma ya msafara akasimamisha pikipiki mbele yangu, akaja dirishani.

"Afande, tuna mgonjwa," nilisema.

"Sijasikia salamu."

"Afande, anakufa."

"Nyie ni nani katika msafara?"

Nilikuwa na hasira hata machozi yalinitoka, mtu mzima na shahada zangu. Ndipo Siwatu akatoa kichwa dirishani nyuma yangu na kuanza. Mheshimiwa Rais, Amiri wa Majeshi Yote na Mlezi wa Mito. Hakuvuta pumzi. Alizimimina zote kwa mpangilio, kama alivyoziandika ndani ya kopo mara zisizo na idadi, Makamu, Mawaziri, Wakuu wa Mikoa yote, mpaka akafika mahali ambapo ujumbe wake ulikuwa ukikatika, akapita, akaendelea. Askari aligonganisha visigino. Salamu zilipofika kwa Wakuu wa Wilaya mkono wake ulikuwa umeshapanda kwenye kofia. Siwatu alipomaliza hakuwa amesema lolote, na yule bwana hakukumbuka kwamba aliuliza kitu. Mwenye wakubwa wengi hivyo mdomoni hawezi kuwa mtu wa hivi hivi. Akapuliza filimbi, magari yakasogea pembeni, nasi tukapita msafara mzima kwa upande wa vumbi. Waziri alitupungia mkono.

Nilikanyaga mafuta, nikaanza kucheka, nikatazama mbele, nikaacha kucheka. Sasa sisi ndio tulikuwa wa kwanza.

Kijiji kilichofuata kilikuwa kinasubiri msafara tangu alfajiri, na msafara ulipotokea ulikuwa ni sisi. Barabara yote ilijaa watu. Ngoma zilirindima, akina mama wa kanga za sare walikuwa wanacheza mbele ya boneti yangu, matawi yakapigwa kwenye kioo. Nikapiga honi, wakadhani naitikia wimbo. Nikashuka. Mama mmoja mnene, mwenye filimbi shingoni, alikuwa ndiye kiongozi wao. Nikamkimbilia ili nimwambie, nikafungua mdomo.

"Mheshimiwa Rais," nikasema.

Sijui ilitoka wapi. Naapa nilitaka kusema jambo jingine. Nilisimama pale nikiendelea na Makamu wake, siwezi kujizuia, miaka yote ile ya kufundisha ikinitoka kama kwikwi. Yule mama hakunisikiliza. Alikuwa anatazama juu ya bega langu, kwenye dirisha la nyuma la gari, ambako kichwa cha Mbaruku kilikuwa kimelala vibaya.

"Huyo ana nini?" aliuliza.

"Anakufa," alisema Siwatu.

Mama alipuliza filimbi mara moja. Ngoma zikanyamaza.

"Kuna mgonjwa," alisema. "Pisheni."

Hakuna aliyeuliza yeye ni nani wala ametumwa na nani. Kijiji kizima kilihama barabarani kwa wakati mmoja, wazee, watoto, wapiga ngoma na ngoma zao. Kijana mmoja akaruka kwenye baiskeli akatangulia kijiji cha mbele, na tulipofika huko njia ilikuwa wazi, na cha baada ya hapo vilevile. Niliendesha huku nikilia waziwazi, nikisema pisheni, pisheni, ingawa hapakuwa na mtu wa kumpisha.

Mbaruku alitundikiwa maji na kuchomwa insulini ya baridi. Alifumbua macho kesho yake. Bi Perusi alipelekewa za wengine ndani ya ndoo ya barafu, bila sherehe. Siwatu alifelishwa kwa kutoa taarifa isiyo na mwanzo, na kopo lake linafundishwa chuoni kama mfano bora. Mimi ndiye ninayelifundisha, na kila ninapofika kwenye sifa zake natoka nje kuvuta hewa.

Kuhusu Waziri, nilisimuliwa baadaye. Msafara wake ulipofika kile kijiji, alishusha kioo na kuandaa mkono. Watu walikuwa wamesimama pande zote mbili za barabara, ngoma zimelazwa chini, wote wakitazama upande tuliokwenda sisi. Alisubiri. Akamwambia dereva asubiri zaidi. Hakuna aliyemsalimia.